Vidonge vya Refa Gwandu

Ninyi mnaoanza kazi ya kutoa dawa, kuna jambo ambalo nadhani chuoni hawakuwaambia: vidonge karibu vyote ni vyeupe na vya duara. Mtu atakuja dirishani, atainama mpaka paji la uso liguse nondo, halafu atasema, "Mama, nipe zile nyeupe za siku ile." Siku ipi, hasemi. Na atakuangalia kwa imani kabisa, kana kwamba jana mlikula naye chakula cha jioni mkazungumzia vidonge hivyo kimoja kimoja.

Mimi nimekaa kwenye dirisha la namna hiyo hapa Babati tangu nikiwa binti mwembamba hadi nimestaafu nikiwa bibi anayehitaji mto kwenye kiti. Wengi wananiita Mama Daniel. Nimewapa watu dawa za minyoo, za presha na za kikohozi, lakini zilizonifundisha kazi ni dawa za kifafa, na ndizo ninazotaka kuwasimulia, hasa kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Mwalimu Gwandu. Mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia, "Simulia, Mama Daniel, ila useme nilikuwa refa mzuri."

Alikuwa refa mzuri. Nimesema.

Ila nitaanza na Mzee Sulle, maana bila yeye nisingejua hata kumsalimia mgonjwa. Huyu ndiye mfamasia aliyenipokea kazini, mtu wa Mbulu, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeungama. Kitu cha kwanza alichonikataza ni neno "Umeelewa?" Alisema, "Binti, ukimuuliza mtu wa kwetu kama ameelewa, atasema ndiyo. Ni adabu. Hawezi kukuaibisha. Muulize hivi: ukifika nyumbani, mama watoto akitaka kujua dawa hizi zinanywewaje, utamjibu nini?"

Nikajaribu siku hiyohiyo kwa mzee mmoja aliyekuwa ameitikia kila nilichomwambia kwa kichwa. Nikamuuliza atamjibu nini mama watoto. Akafikiri, akasema, "Nitamwambia zinanywewa na maji." Nikamuuliza, kiasi gani? Akasema, "Maji mengi." Tukaanza upya, mimi na yeye, na Mzee Sulle nyuma yangu anahesabu vidonge huku mabega yanatikisika kwa kicheko.

Siku hizo dawa ya kifafa kwetu ilikuwa karibu ni moja tu, fenobabitoni. Ni dawa nzuri na mpaka leo inafanya kazi yake, ila inaleta usingizi. Kulikuwa na mzee wa kanisa kule Maisaka aliyekuwa akisinzia ibadani tangu ujana wake. Alipoanzishiwa fenobabitoni alifurahi sana, maana sasa alikuwa na sababu. Baadaye zikaja fenitoini na kabamazepini, halafu valproeti, na siku hizi mnazo nyingine mpya ambazo ulimi wangu unazikataa. Kila moja ina tabia zake kama watoto wa nyumba moja. Fenitoini inavimbisha ufizi. Nilimwambia mvuvi mmoja wa hapa ziwani asugue meno asubuhi na jioni, akaniuliza kama dawa ni ya kichwa, meno yanaingiaje. Nikamwambia njia ya kwenda kichwani inapita mdomoni. Akaridhika.

Na msichana akija na cheti cha valproeti, msimpe tu kama mnavyompa babu yake. Mrudisheni kwa daktari wazungumze habari ya kuzaa, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini msimwambie aiache mwenyewe. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla, iwe ipi, na asiyejua hilo mwelezeni mpaka ajue.

Sasa, watu wakisikia kifafa wanafikiria mtu ameanguka, anatupa miguu, ametoa povu. Hicho kipo. Lakini kuna kingine kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo, na mara nyingi mtu haanguki. Anasimama tu. Macho yako wazi, lakini mwenyewe hayupo. Mdomo unatafuna bila chakula, mkono unachezea kifungo cha shati. Baada ya muda mfupi anarudi, na hajui kama aliondoka. Wengine husikia kwanza harufu ya ajabu, wengine tumbo huwapanda juu kama gari likiteremka kilima. Majirani watasema ana mawazo, au amelewa, au ana kiburi, hasalimii watu.

Mwalimu Gwandu alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi kule Sigino, na Jumamosi alikuwa refa. Mwembamba, mkavu, filimbi shingoni hata akienda sokoni kununua vitunguu. Alisifika kwa kukataa kila kitu. Kabla ya mechi hakunywa hata soda ya timu yoyote. Alisema soda ya watu ikiingia tumboni inapanda mpaka kwenye filimbi.

Mwaka ule ninaousimulia, fainali ya Kombe la Mbuzi ilikutanisha Maisaka na Sigino. Mshindi anapewa mbuzi, si zaidi, lakini vijana walikuwa wanacheza kama wanapewa nchi. Mwanangu wa mwisho, Daniel, alikuwa mshambuliaji na nahodha wa Maisaka. Mimi sikwenda, nilikuwa na nguo za kufua. Akarudi jua halijazama, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefungwa?"

"Tumeibiwa, mama. Refa kala mbuzi."

Nikadhani refa amekula mbuzi kweli. Daniel akanieleza kwamba refa amehongwa, amekula mlungula, na ushahidi upo kwenye simu. Akaniwekea video.

Ilikuwa imepigwa na mtu aliyesimama karibu na goli. Sigino walikuwa mbele kwa bao moja na mpira ulikuwa unaelekea mwisho. Daniel anaingia na mpira ndani ya eneo la hatari, beki wa Sigino anamkwatua, Daniel anaanguka. Kila mtu anamgeukia refa. Gwandu yuko palepale, karibu kabisa, amesimama. Hapulizi. Anaangalia mbele. Wachezaji wanamzunguka, wanapiga kelele, na yeye anavuta-vuta pindo la jezi yake kwa vidole. Kisha anaanza kutembea taratibu, anatoka nje ya uwanja, anakwenda kukaa kwenye benchi la Sigino katikati ya wachezaji wa akiba. Anakaa hapo kama mgeni aliyekaribishwa. Baadaye anainuka, anarudi uwanjani, anaamuru mpira urushwe kutoka pembeni, na mechi inaendelea mpaka mwisho.

Chini ya video watu walikuwa wameandika maneno yao. Mmoja alisema refa kaishiwa chaji. Mwingine alisema alikuwa anatafuta mahali pa kumfunga mbuzi wake.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Daniel.

"Na wewe umeona, eh mama?"

"Rudisha."

Nilikuwa naangalia mdomo. Ulikuwa unatafuna, na hakuna aliyempa kitu.

Sikumwambia Daniel chochote. Kwanza mtoa dawa si daktari. Nilichoona kingeweza kuwa kitu kingine kabisa. Pili, ugonjwa wa mtu si habari ya sebuleni. Hata dirishani, ninyi vijana, msitaje ugonjwa wa mtu kwa sauti ya kuitia basi. Nilimwambia Daniel tu asiendelee kuituma. Akaniambia imeshafika mpaka mji wa Katesh.

Kesho yake baada ya kanisa nilikwenda Sigino. Mke wa Gwandu, Mama Emanuel, tulikuwa tunafahamiana tangu zamani kwa sababu ya kwaya. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikavuta kigoda, nikaanza kupukuchua naye, tukaongea habari za mvua na watoto mpaka nikapata pa kuingilia.

"Mama Emanuel, mwalimu akiwa nyumbani huwa anasimama tu, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi?"

Mikono yake ikasimama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeona kwenye simu ya Daniel."

Akashusha sauti. "Anasimama. Na anatafuna. Mwanzoni nilidhani anakula karanga hataki kunipa. Halafu ananiuliza nani ameunguza raba. Hapa kwangu hakuna raba inayoungua, Mama Daniel."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu sasa. Nilidhani ni mawazo ya kazi."

Gwandu alikuwa amesimama mlangoni, ametusikia. Alinisalimia vizuri, akakaa juu ya gunia, akaniambia kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mtoto mzuri. "Mama Daniel, naiheshimu kazi yako. Lakini kifafa mimi sina. Kifafa ni cha kuanguka. Uliniona nikianguka?"

Nikamweleza kwamba kipo kisichoangusha, na kwamba mimi sisemi anacho, nasema aende akaonwe. Akatikisa kichwa.

"Kamati ya ligi imeniita nijieleze. Wakisema nimehongwa, sawa. Mla rushwa anaweza kutubu, mwakani akapuliza filimbi tena. Lakini mwenye kifafa, nani atampa mtoto wake amfundishe?"

Alikuwa anasema kitu cha kweli kuhusu sisi wenyewe, namna tunavyowatenga watu. Aliyejibu ni mkewe, bila kuinua macho kwenye mahindi.

"Kwa hiyo uko tayari wanangu waitwe watoto wa mwizi, ili wewe usiitwe mgonjwa."

Gwandu alitazama yale mahindi muda mrefu mpaka nikaogopa kwamba hali yake imemjia. Haikuwa hiyo. Alikuwa anafikiri kweli.

"Hiyo kliniki," akauliza, "ni siku gani?"

Kwetu kliniki ya kifafa ilikuwa chumba kimoja na afya ya akili, na kibao chake kilionekana tangu getini. Gwandu alikuja amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, na akajificha vizuri kiasi kwamba wanafunzi wake wawili waliokuja na mama yao walimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," kabla hajafika kwenye benchi.

Daktari alikuwa Halima, dada mmoja kutoka Tanga, kijana bado, mwenye masihara na akili nyingi. Mama Emanuel alimwonyesha video kwenye simu. Gwandu mwenyewe aligeukia ukutani, hakutaka kuiona. Daktari Halima akaiangalia, akairudia, akairudia tena.

"Mwalimu," akasema, "hawa waliokucheka wamenifanyia nusu ya kazi. Mimi huwa nasimuliwa tu. Leo nimeona kwa macho."

Basi tangu siku ile, mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa: hali ikitokea, mmoja akae na mgonjwa, na kama yuko mwingine achukue simu arekodi kwa ajili ya daktari. Kwa ajili ya daktari, si kwa ajili ya Katesh.

Daktari Halima akamuuliza Gwandu mambo mengi: ile harufu ya raba, ajali za utotoni, pombe, usingizi. Akamweleza kwamba kuna pembe moja ya ubongo inayotoa umeme wake bila kupangiwa, na wakati huo sehemu nyingine zinapoteza mawasiliano.

"Kwa hiyo sikurogwa?" Gwandu akauliza.

"Hukurogwa."

"Na sikuhongwa."

"Hilo sina kipimo chake," akasema Daktari Halima, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba Gwandu alicheka. Mama Emanuel ndiye aliyenisimulia, walipokuja dirishani na cheti.

Kilikuwa cheti cha kabamazepini. Dawa hiyo inaanzwa kidogo, inapandishwa taratibu kadiri daktari anavyoelekeza, mpaka ifike kiasi kinachomtosha mtu. Ukiipandisha kwa pupa inakulewesha. Nikamwambia pia kwamba akiona vipele mwilini, au vidonda mdomoni, au homa isiyoeleweka, asingoje tarehe, arudi hospitali mara moja. Asiendeshe pikipiki, asipande juu ya paa, asiogelee ziwani peke yake, mpaka daktari aseme. Na akienda duka la dawa kununua kitu chochote, hata cha kikohozi, aseme kwanza anachotumia, maana kabamazepini haipatani na kila dawa. Kisha nikamuuliza atamjibu nini mama watoto. Mama watoto alikuwa amesimama pale pale, lakini Gwandu alirudia yote mwanzo mpaka mwisho, huku akiandika hewani kwa kidole kana kwamba kuna ubao. Hakukosea hata kimoja.

Nyumbani akafanya vingine.

Mnajua, kikao cha kamati kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu mwenyekiti alipata msiba, na Gwandu akaona hapo ndipo pa kuwahi. Alitaka asimame mbele ya watu akiwa ameshapona. Akajiongezea vidonge mwenyewe. Asubuhi moja nikamwona anakuja dirishani ameshika ukuta kama mtu anayepita kwenye daraja la kamba.

"Mama Daniel, mbona mko wawili?"

"Mimi na nani?"

"Wewe na wewe." Akashika nondo. "Na shuleni mkuu wa shule naye ni wawili. Mama Daniel, mkuu yule mmoja alikuwa ananitosha."

Nilicheka baadaye. Wakati ule nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja kwa Daktari Halima, ambaye hakumgombeza. Alimrudisha kwenye kiasi cha chini, akamwambia, "Mwalimu, wewe unafundisha kujumlisha kabla ya kuzidisha. Mbona hapa umeruka?" Siku chache baadaye dunia ikawa moja tena, na akapanda upya, safari hii taratibu.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Mama Emanuel aliniomba nikae naye. Mwenyekiti, Mzee Hhando, alikuwa mtu wa maneno machache na fimbo ndefu, na mbele yake waliketi wajumbe, nahodha wa Sigino, na Daniel wangu kama mlalamikaji. Vijana walijaa madirishani. Wengine walikuwa wamekuja kuona mtu anafungiwa maisha, na nadhani wangefurahi.

Gwandu akasimama, akavua kofia.

"Waheshimiwa, mimi mbuzi sikula. Nina kifafa. Ni kile kisichoangusha. Siku ile kilinijia katikati ya mechi, na sikujua kama nimekwenda kukaa kwenye benchi mpaka nilipoambiwa. Ninatumia dawa. Hayo ndiyo maelezo yangu."

Mjumbe mmoja, Baba Veronika, akasogeza kiti chake kidogo. Gwandu akamwona.

"Hakiambukizi, Baba Veronika. Hata ukinikumbatia."

Baba Veronika akaona aibu. Akarudisha kiti mahali pake, na nadhani alikisogeza mbele zaidi ya pale kilipokuwa. Mama Emanuel akainuka bila kuombwa, akawaambia wachezaji wote namna ya kufanya hali ile ikimkuta tena uwanjani: wasimshike kwa nguvu, wasimpe maji, wasimpigie kelele. Wamwondoe taratibu penye hatari, wakae naye, wamwite jina lake mpaka arudi. Ikichelewa kuisha, au akianguka, hospitali.

Daniel akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeisambaza ile video. Nakuomba radhi. Hatukujua. Ila naomba kuuliza kitu kimoja. Ile ilikuwa penati, au haikuwa penati?"

"Sijui," akasema Gwandu. "Sikuwepo."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na Mzee Hhando akagonga fimbo yake chini mara kadhaa, ingawa na yeye alikuwa ameinama kuficha uso.

"Mnayo hiyo video?" Gwandu akauliza kelele zilipotulia. "Mimi sijawahi kuiangalia."

Daniel akampelekea simu. Nilimwangalia Gwandu usoni alipokuwa anajitazama amesimama katikati ya watu, anavuta jezi, anatembea kwenda kukaa. Kicheko kilikauka kila mahali. Alisema polepole, kama anaongea na mkewe peke yake, "Kumbe ndivyo ninavyokuwa." Mama Emanuel akamwitikia, "Ndivyo. Halafu unarudi."

Kisha nyusi za Gwandu zikakunjamana, akaisogeza simu karibu na macho.

"Rudisha hapo nyuma kidogo. Hapo. Beki amecheza mguu, mpira hakuugusa." Akainua kichwa. "Penati."

Nahodha wa Sigino aliweka mikono kichwani. Gwandu ni mtu wa Sigino, anaishi Sigino, watoto wa nahodha yule amewafundisha kugawanya, na hakusita. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena rushwa. Mzee Hhando akanong'ona na wajumbe, akatoa uamuzi: penati hiyo itapigwa siku ambayo daktari ataruhusu refa kurudi uwanjani, na atakayepuliza filimbi ni Gwandu yuleyule.

"Na mbuzi, mwenyekiti?" mtu akauliza dirishani.

"Mbuzi tulishamla," akasema nahodha wa Sigino.

"Basi mtajua mtakakompata mwingine, kama itabidi," akasema Mzee Hhando, na kikao kikafungwa.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Yalinyooka kwa muda. Miezi ikapita Gwandu hajasimama hata mara moja, uso wake ukanenepa kidogo, Daktari Halima akaanza kumwambia habari ya kurudi uwanjani. Halafu zikaja mvua, na hali ikarudi. Ilimkuta darasani, ikamkuta njiani. Akaja dirishani amekata tamaa.

"Dawa zenu zimechoka, Mama Daniel."

Nikamuuliza kama amesahau kumeza. Hakusahau. Anatumia kingine chochote? Hapana. Nikamwambia aniletee vidonge vyenyewe nivione. Alipovileta, nilivishika nikajua. Vilikuwa vigumu kama kokoto, na vingine vilikuwa vinameguka pembeni.

"Unaviweka wapi?"

"Bafuni. Juu ya ukuta, nyuma ya sabuni."

"Kwa nini bafuni, mwalimu?"

Akaangalia pembeni. "Wageni hawaingii bafuni."

Hili mlishike, ninyi mnaokuja nyuma yetu. Kabamazepini haitaki unyevu. Ikinyonya unyevu inakuwa ngumu, na mwili haupati dawa iliyoandikwa kwenye cheti. Kwa hiyo msiishie kuuliza mtu anameza lini. Muulizeni anaiweka wapi, na akiwaambia mahali pa ajabu, muulizeni kwa nini, tena kwa upole, maana mara nyingi pale kuna jambo lingine. Gwandu alikuwa amekitaja kifafa chake mbele ya kata nzima, lakini wakwe na wageni wa nyumbani bado alikuwa anawaogopa.

Daktari Halima aliamuru apewe vidonge vipya. Mama Emanuel akavipokea yeye, akaviweka sebuleni kwenye kabati la vyombo, mahali pakavu, karibu na kopo la sukari. Mgeni wa kwanza kuviona alikuwa mama yake mzazi, mkwe wa Gwandu, aliyekuwa ameshuka kutoka Mbulu kuwatembelea. Akachukua kile kichupa, akakigeuza.

"Hizi ni za nini?"

Mama Emanuel alikuwa amefungua mdomo, lakini Gwandu akamtangulia.

"Za kifafa changu, mama. Sukari iko upande wa pili."

Bibi akakirudisha kichupa, akachukua sukari, akaweka kwenye chai kiasi anachopenda yeye, ambacho ni kingi. Alipomaliza kikombe akasema baba yake mdogo naye alikuwa nacho, na hakuna aliyekuwa akikitaja. Gwandu akaniambia kwamba siku hiyo alilala vizuri kuliko siku zote.

Penati ilipigwa kabla ya msimu mpya kuanza, baada ya muda mrefu bila hali ile kurudi, na kwa ruhusa ya daktari. Walikuja watu wengi kuliko kwenye fainali yenyewe, kwa ajili ya teke moja tu. Wauza karanga walikuja. Bajaji zilipangana mpaka barabarani. Kuna mzee alikuwa amefunga safari tangu asubuhi, akakasirika alipoambiwa hakuna kipindi cha pili. Gwandu alivaa jezi iliyopigwa pasi, akapima hatua, akaweka mpira, akamwangalia kipa, akamwangalia Daniel, akapuliza.

Mwanangu alirudi nyuma kama anakwenda Singida, akaja mbio, akaupiga mpira. Ulipita juu ya mwamba, ukaenda kuangukia kwenye shamba la alizeti la watu.

Sigino walikimbia uwanja mzima bila mashati. Daniel akamfuata refa ametanua mikono. "Refa, umepuliza sijajiandaa." Gwandu hakujibu neno. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano, akamwinulia. Mimi mama yake mzazi nilicheka mpaka khanga ikanidondoka, na Mama Emanuel akaiokota akashindwa kunipa kwa sababu na yeye alikuwa hajiwezi.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimwona mama mmoja anakuja upande wetu amemshika mkono binti aliyevaa sare za shule. Mji huu ni mdogo, wengi wananijua mimi ni wa hospitali, nikajiweka tayari kuulizwa. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Gwandu.

"Mwalimu, samahani. Huyu mwanangu naye husimama hivyo, anatafuna hana kitu mdomoni. Tumehangaika naye sana."

Gwandu akachuchumaa, akawa sawa na binti.

"Kabla haijaja, huwa unasikia nini?"

Binti akamwangalia mama yake, kisha akanong'ona, "Harufu ya machungwa."

"Machungwa? Una bahati wewe. Ungesikia ya kwangu."

Binti akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Gwandu akamweleza mama yule siku ya kliniki, chumba kilipo, na kibao kilivyoandikwa, kwa sauti ya kawaida, huku watu wakipita. Akamwambia atawasubiri getini, kwa kuwa siku hiyo na yeye anakwenda kuchukua dawa zake. Mama akauliza swali jingine, na jingine.

Daniel akaja na uso wake wa kufungwa, akaniuliza kama tunaondoka.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Refa bado ana kazi."